Namna ya Kupima Nafasi ya Shokapu kwenye Gari la Michezo kwa Kebo Tai na Donge la Unga

Gari langu ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, na aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa amekwisha kulishusha kwa springi fupi. Nilipoanza kulitumia kati ya Mbezi Beach na Posta, kila tuta lilinijibu kwa mlio mmoja mkavu kutoka mbele, hata nilipopita polepole kama niliyebeba trei ya mayai. Gereji niliyoiendea iliniambia kuwa shokapu zimekufa. Nikanunua mbili, nikafungiwa, nikalipa, na mlio ukabaki palepale. Jibu nilikuja kulipata nyumbani asubuhi moja ya Jumapili kwa kebo tai mbili, zile kamba nyembamba za plastiki ambazo mafundi umeme hufungia nyaya. Shokapu zangu za awali zilikuwa nzima. Gari lilipokwisha kushushwa, shokapu zilibakiwa na nafasi ndogo mno ya kujikunja kabla ya kugota, na shokapu mpya zilirithi nafasi ileile.

Naandika mwongozo huu ili mwenye Roadster, RX-8, Celica, MR-S, Altezza au gari jingine la aina hiyo aweze kuipima nafasi hiyo mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Kazi yote inahitaji asubuhi moja na vifaa ambavyo vingi vinapatikana ndani ya nyumba au duka la vifaa vya ujenzi la mtaani.

Kinachopimwa ni nini

Shokapu ina bomba lililounganishwa na upande wa gurudumu, na rodi ya chuma inayong'aa iliyofungwa juu kwenye bodi. Gurudumu linapopanda, bomba hupanda kuifuata rodi. Karibu na kilele cha rodi kuna raba ya kugotea, ambayo katika magari mengi hutengenezwa kwa poliurethani yenye vitundu vidogo vya hewa ndani yake, na kazi yake ni kulipokea bomba kabla chuma hakijagonga chuma. Nafasi ya kwanza tunayoitafuta ni umbali kati ya kichwa cha bomba na ncha ya chini ya raba hiyo wakati gari limesimama na dereva wake. Nafasi ya pili ni ile kati ya tairi na ngozi ya ndani ya madigadi. Watu wengi huzichanganya hizi mbili na nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na barabara, ambayo ni jambo jingine kabisa: gari linaweza kuwa juu likapita kila tuta bila kukwaruza, na bado shokapu zake zikawa zinagota.

Ni lazima nafasi hizi zipimwe gari likiwa limesimama, kisha zipimwe tena gari likiwa limetembea. Vipimo vya gari lililosimama vinakuambia una akiba kiasi gani. Barabara ndiyo inayokuambia unatumia kiasi gani cha akiba hiyo. Aliyepima upande mmoja tu hajapima.

Vifaa

Tafuta kebo tai nyembamba, zenye upana wa milimita 2.5 au karibu na hapo, rula ya chuma, futi ya fundi, mirija michache ya soda, mkasi, utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi, unga wa ngano nusu kilo, mafuta kidogo ya kupikia, mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga wenye urefu wa mita sita au saba, vipande vya vigae vya sakafu, daftari na kalamu. Vingine ambavyo havina mbadala wa nyumbani ni jeki nzuri, stendi mbili za jeki na kabari za kuzuia magurudumu. Tofali la saruji si stendi. Linapasuka bila onyo, na aliyeingiza mkono wake nyuma ya gurudumu wakati huo hana muda wa kuutoa.

Hatua ya kwanza: kuupata usawa wa sakafu

Sakafu nyingi za maegesho ya nyumba zetu zimewekewa mteremko kwa makusudi ili maji ya mvua za masika yasituame, na mteremko wa sentimita mbili kati ya upande na upande hauonekani kwa macho. Hapa ndipo ule mpira wa maji unapofanya kazi ambayo mafundi ujenzi wetu wameifanya nao miaka yote. Ujaze maji, hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani yake, shika ncha moja mahali litakapokaa gurudumu la mbele kushoto na umpe msaidizi ncha ya pili mahali pa gurudumu jingine. Maji yatalingana pande zote mbili. Tofauti ya kimo kutoka usawa wa maji hadi sakafu ndiyo tofauti ya sakafu yenyewe. Weka vipande vya vigae mahali palipo chini mpaka sehemu zote nne zilingane kwa milimita mbili au tatu, kisha zungushia alama kwa chaki ili siku nyingine urudi palepale.

Hatua ya pili: kuliandaa gari

Pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lililopashwa joto na lami ya saa saba mchana litakudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Katika magari yaliyotoka Japani maneno yake ni ya Kijapani, lakini takwimu zinasomeka na kipimo chake ni kPa, ambapo kPa 220 ni sawa na psi 32 hivi. Tangi liwe nusu. Toa vilivyomo kwenye buti visivyo vya kudumu.

Kisha weka uzito wa dereva. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na kiroba cha unga au mchele cha kilo 25 kikiongezwa unapata kilo 75. Ufunge mfuko wa saruji ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki kabla ya kuulaza kwenye kiti, na ukumbuke kuuongeza au kuupunguza mzigo kulingana na uzito wako wewe. Katika gari la kilo 900 na kitu, kama Roadster za mwanzo, kilo hizo 75 zinaonekana wazi kwenye vipimo.

Sukuma gari mbele na nyuma kama mita tatu, huku ukilibonyeza kila kona mara mbili tatu, halafu liache lisimame bila kuvuta handibreki, weka kabari. Bushi za mikono ya chini, yaani raba zilizo kwenye maungio ya vyuma vinavyolishika gurudumu kwa chini, huwa na tabia ya kulishikilia gari mahali lilipokuwa, na gari lililoshushwa kutoka kwenye jeki bila kusukumwa linaweza kusimama juu kuliko kimo chake cha kweli.

Hatua ya tatu: vipimo vya gari lililosimama

Bandika utepe wa karatasi kwenye ukingo wa madigadi, moja kwa moja juu ya katikati ya gurudumu, na upige mstari kwa kalamu. Pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu hadi mstari huo. Usipime kutoka chini, kwa sababu ukipima kutoka chini unapima pia unene wa kashata za tairi na upepo wake, ilhali sisi tunaitafuta habari ya springi. Andika namba nne, moja kwa kila gurudumu. Langu lilisoma milimita 315 mbele kulia na 318 mbele kushoto, na tofauti hiyo ndogo ilitokana na uzito wa upande wa dereva.

Sasa rodi. Kata usukani mpaka mwisho ili upate nafasi ya kuona nyuma ya gurudumu, washa tochi ya simu, na ulinyanyue kava la vumbi linaloifunika rodi. Kava likiwa la mkunjo-mkunjo, lisukume juu taratibu na ulifunge kwa kipande cha uzi. Hapo utaiona rodi yenyewe, inang'aa kama kijiko kipya, na juu yake raba ya kugotea. Kidole kinapita, rula mara nyingi haipiti. Ndiyo maana nikasema uwe na mirija ya soda: kata mrija, upasue kwa urefu ili ukumbatie rodi, uusimamishe juu ya kichwa cha bomba, na uendelee kuupunguza kwa mkasi kidogo kidogo mpaka uingie sawasawa kati ya bomba na raba bila kupinda. Utoe, uulaze juu ya rula, usome. Wangu wa mbele kulia ulikuwa milimita 38.

Baada ya hapo inua mbele yote, pande zote mbili kwa pamoja, na uiweke juu ya stendi. Ukiinua upande mmoja tu, stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, itauvuta mkono wa upande ulioinuliwa na kipimo kitapotoka. Magurudumu yakiwa yananing'inia, rudia vipimo vyote viwili. Kwangu, kutoka katikati ya rimu hadi madigadi ilisoma 400, na kutoka bomba hadi raba ilisoma 98.

Namba hizi nne zina siri ndani yake ambayo wengi huipita. Gurudumu lilishuka milimita 85, yaani 400 kutoa 315, lakini rodi ilitoka milimita 60 tu, yaani 98 kutoa 38. Gawanya 60 kwa 85, unapata 0.71. Maana yake ni kwamba kila milimita 10 za gurudumu ni milimita 7 hivi za shokapu, kwa sababu shokapu ya Roadster imefungwa katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu lenyewe. Kwa hiyo zile milimita 38 zilizobaki kwenye rodi ni milimita 54 hivi za gurudumu kabla ya kuigusa raba. Magari yenye shokapu ya mtindo wa MacPherson, ambayo imesimama karibu kabisa na gurudumu kama zile za MR-S na Impreza, yatakupa jibu lililo karibu na 1. Usichukue uwiano wa gari la mwenzako; lipime lako.

Hatua ya nne: kebo tai

Shusha gari. Zungusha kebo tai kwenye rodi, uikaze kiasi kwamba inateleza ukiisukuma kwa kidole lakini haishuki yenyewe ukiipiga rodi kwa kucha. Kata mkia uliozidi, na kichwa chake ukielekeze upande usio na mpira wa breki. Usiishike rodi kwa koleo hata mara moja, kwa kuwa mkwaruzo mdogo kwenye ile ngozi yake ya kung'aa utaikata sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, na shokapu itaanza kuvuja mafuta. Wapo wanaopaka grisi badala ya kebo tai na kusoma mahali ilipofutika. Kwa joto letu grisi huteleza yenyewe, na kwa vumbi letu hugeuka msasa, kwa hiyo siipendekezi.

Isukume kebo tai mpaka ikae juu ya kichwa cha bomba. Upana wake umekula sehemu ya nafasi: kati ya milimita 38 zangu, mwendo wa kweli kabla kebo tai haijaigusa raba ulikuwa 35.5. Liandike hilo mapema.

Sasa endesha, lakini usiendeshe kila kitu kwa safari moja. Hili ndilo nililolikosea mwanzoni: nilizunguka kutoka nyumbani hadi Mwenge na kurudi, nikaikuta kebo tai imepanda mpaka juu, nisijue ni tuta, ni shimo au ni breki iliyoipandisha. Fanya safari ya kwanza kwenye lami nzuri peke yake, kwa mwendo wa kawaida usiozidi kilomita 50 kwa saa unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi. Simama, pima, rudisha kebo tai chini. Ya pili iwe breki ya nguvu moja tu, mahali peupe pasipo na mtu wala gari nyuma yako. Ya tatu iwe tuta moja unalolijua, kwa mwendo unaopita nao kila siku. Ya nne, ukipenda, iwe kipande cha barabara ya vumbi yenye makorongo. Kila mara pima kutoka kichwa cha bomba hadi ukingo wa chini wa kebo tai, ukijihadhari na diski za breki, ambazo baada ya breki ya nguvu zinaunguza.

Kwangu lami ya kawaida ilitumia milimita 19, breki ilitumia 22, na tuta lililo mita chache kutoka getini, nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, liliipeleka kebo tai 35.5 kamili, imebanwa kwenye raba. Mlio ulikuwa umepata jina.

Jambo moja lazima lieleweke hapa. Kebo tai ikiigusa raba inakuambia kwamba bomba limefika, lakini haikuambii raba ilibonyea kiasi gani, kwa sababu raba ikirudi kwenye umbo lake huisukuma kebo tai chini tena. Pia kugusa peke yake si ugonjwa. Watengenezaji wengi wa magari ya michezo huifanya raba iwe ndefu na laini ili ianze kusaidia springi mapema. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni raba kuguswa kwenye lami ya kawaida au kwenye breki, maana hapo gurudumu la mbele hukakamaa ghafla wakati unapolihitaji zaidi lishike barabara.

Njia hii haifanyi kazi kwenye shokapu zilizofungwa kichwa chini, kama zilizomo kwenye baadhi ya Impreza WRX STI, kwa kuwa rodi yake imefichwa ndani na bomba nene ndilo linaloonekana. Kwa magari hayo tegemea kipimo cha madigadi na donge la unga.

Hatua ya tano: donge la unga

Kanda unga wa ngano kwa maji kidogo na kijiko cha mafuta mpaka uwe mgumu kuliko wa chapati, usionata mkononi. Tengeneza madonge ya ukubwa wa andazi, kila moja livirigishe kwenye plastiki nyembamba, na uyabandike kwa utepe mahali unaposhuku tairi linakaribia: juu ndani ya madigadi, kwenye ukingo wake wa ndani, na upande wa ndani penye bomba la shokapu au springi. Panga mbao ngazi kwa ngazi mpaka kimo cha sentimita 12 hivi, weka za ukubwa sawa chini ya gurudumu la nyuma la upande wa pili, na upande polepole kwa magurudumu hayo mawili, msaidizi akitazama kutoka pembeni, asiwe mbele wala nyuma ya gari. Ukiwa juu, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Shuka.

Toa donge, likate katikati kwa kisu chembamba, na upime sehemu yake nyembamba kuliko zote. Donge langu la ukingo wa ndani lilikuwa limelala bapa, na juu ya plastiki yake ilionekana wazi chapa ya kashata za tairi, mistari miwili na kona ya mfereji mmoja. Unene uliobaki ulikuwa milimita 4. Mimi sikubali chini ya milimita 8 mahali hapo, kwa sababu mbao hazilibonyezi gari kama shimo linavyolibonyeza, na tairi kwenye kona hulalia pembeni. Fanya kazi hii kabla ya jua kali, maana unga ukikauka hupasuka badala ya kubonyea.

Wapo watakaokuambia uitoe springi ili uliinue gurudumu mpaka mwisho kwa jeki. Ni njia sahihi zaidi, lakini springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Ifanywe gereji, na mtu mwenye kibanio kizima cha springi.

Namba zikishapatikana

Springi zikiwa za kurekebishwa kwa pete, inua gari milimita 5 kwa wakati na upime upya. Springi zikiwa fupi za kudumu kama zangu, jibu la uhakika ni kurudishia za urefu wa kiwandani. Usikubali kukata raba ili kuongeza nafasi. Bomba litasafiri mbali zaidi ni kweli, lakini litapokewa na kipande kifupi, na kinachofuata ni chuma kwa chuma, na shokapu kufa kweli.

Ushauri utakaoupata mara nyingi zaidi hapa mjini ni wa kuwekewa spesa, yaani kipande kigumu cha kuongezea kimo, na ni lazima uulize itawekwa wapi. Spesa inayowekwa kati ya kichwa cha shokapu na bodi huliinua gari na kuliondoa tairi kwenye madigadi, lakini haiongezi hata milimita moja kati ya bomba na raba: uzito juu ya springi ni uleule, springi imebonyea vilevile, na rodi imetoka kiasi kilekile. Kipimo cha madigadi kitapanda na mlio utabaki. Spesa inayokaa chini au juu ya springi yenyewe ndiyo inayoirefusha nafasi ya rodi, nayo hulipia kwa kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka, ndiyo maana ile namba ya gari linaloning'inia haikuwa ya bure. Mimi nilirudishia springi ndefu. Mrija wa soda ukasoma milimita 57, na kwenye tuta lilelile la getini, kwa mwendo uleule, kebo tai ilisimama 41.

Ukimaliza, kata kebo tai kwa mkasi mdogo ukiielekeza ncha mbali na rodi, ifute rodi kwa kitambaa safi kisicho na mchanga, na ulishushe kava la vumbi mpaka likae mahali pake kabla hujaliondoa gari pale.